Bodi ya loga iliyoingia maji: irudi ileile, iwekwe mpya, au ibadilishwe loga nzima?

Ukifungua boksi la loga (kinasa data) ya hali ya hewa ukakuta madoa ya kijani kwenye bodi, una njia tatu: kuisafisha bodi ileile na kuirudisha, kununua bodi mpya ya loga hiyohiyo, au kubadilisha loga nzima. Wengi huamua kwa kuangalia taa: ikiwaka, bodi inarudi, isipowaka, inatupwa. Hicho ni kipimo kibovu. Bodi yenye chumvi chini ya vipande vyake inaweza kuwaka vizuri, kuandika kila baada ya dakika 15 na kutuma data bila kukosa, huku joto linaloandikwa likiwa limepotoka kwa nyuzi 1 au hata karibu 3. Data ya namna hiyo ni mbaya kuliko pengo, maana pengo linaonekana.

Ulinganisho huu ni wa vinasa data vinavyofunguka kwa skrubu, vyenye bodi, betri na temino (sehemu za kufungia waya) za vihisi: joto, unyevu hewani, mvua, unyevu wa udongo. Vile vidogo vinavyokaa ndani ya friji za chanjo na kuonyesha rekodi ya siku 30 tuviweke kando mapema. Kazi yake ni kutoa kengele joto likizidi nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo, au likishuka hadi nyuzi 0.5 chini ya sifuri kwa dakika 60. Kikiingia maji, badilisha kizima. Hakuna usafishaji unaostahili kuaminiwa na dozi za watoto.

Okoa data, kisha soma madoa

Kama bodi ni kavu na loga bado inawaka, pakua data kabla ya kugusa betri. Kumbukumbu ya flashi na kadi ya SD hubaki salama umeme ukikatika, lakini loga za zamani zenye RAM inayoshikiliwa na betri ndogo hupoteza kila kitu betri hiyo ikitoka. Kama bodi bado imelowa na data iko kwenye kadi, fanya kinyume: chomoa betri papo hapo, maana umeme ukipita kwenye maji ndipo shaba inapolika kwa kasi, kisha soma kadi kwenye kompyuta. Piga picha ya kila waya kwenye temino yake na unakili mipangilio yote ya chaneli. Picha ya karibu, namba za temino zikisomeka, itakuokoa baadaye.

Unga mweupe kuzunguka betri za alkali ni uvujaji wa betri. Kijani ni shaba iliyokutana na unyevu. Fuwele nyeupe zilizotawanyika kwenye bodi ya pwani ni chumvi ya bahari. Muhimu kuliko rangi ni mahali: doa pembeni kwenye tundu la skrubu si kitu, lakini doa dogo kati ya temino mbili za kihisi cha joto ni kesi kubwa. Na ukiona njia za shaba zimekatika chini ya chipu yenye miguu myembamba, vitundu vinavyounganisha tabaka vimekuwa vyeusi, au bodi imevimba na kuachana tabaka, usipoteze muda kuosha. Nenda moja kwa moja kwenye bodi mpya au loga mpya.

Kwa nini namba hudanganya

Chukua kihisi cha kawaida cha thamista, yaani rezista ambayo ukinzani wake hupungua joto likipanda: kilohomu 10 kwenye nyuzi 25. Uchafu ukiunganisha temino zake mbili kwa ukinzani wa kilohomu 200, loga inasoma kilohomu 9.52 badala ya 10, na kuandika joto la juu kwa takriban nyuzi 1.1. Sasa shusha joto hadi sifuri. Thamista hiyo inapanda hadi karibu kilohomu 32, na uchafu uleule unaishusha hadi 27.6. Kosa linakuwa karibu nyuzi 3. Yaani loga itakuwa karibu sahihi mchana wa joto, siku unayokwenda kuikagua, na itakosea zaidi alfajiri ya baridi ambapo hakuna mtu. Kwa anayefuatilia baridi kali kwenye chai ya Kericho au Njombe, huko ndiko kosa linakouma.

Vihisi vingine havidanganyiki hivyo. PT100, kihisi cha joto cha platinamu, ina omu 100 tu kwenye sifuri, kwa hiyo uvujaji wa kilohomu 200 hauitikisi sana. Adui yake ni ukinzani wa mguso, kwa kuwa temino chafu yenye omu 0.385 za ziada kwenye muunganisho wa waya mbili tayari ni nyuzi 1 nzima. Vihisi vya kidijitali, vinavyotuma namba kwa mawasiliano ya SDI-12 au RS-485, mara nyingi hukatika mawasiliano badala ya kutoa namba ya uongo, nayo ni heri: utajua. Ndiyo maana swali la kwanza si bei ya bodi bali ni aina ya vihisi vilivyofungwa juu yake.

Njia ya kwanza: kuisafisha na kuirudisha ileile

Hii ndiyo rahisi kwa fedha na ngumu kwa uaminifu. Inafaa pale maji yalipoingia hivi karibuni, madoa ni machache, na vihisi vingi ni vya kidijitali.

Toa betri zote, pamoja na ile ya saa, mara nyingi CR2032. Chomoa vihisi vya unyevu na vya shinikizo la hewa, king'ora na skrini. Vitu hivi haviogeshwi. Uvujaji wa betri za alkali unatulizwa kwa siki nyeupe kidogo kwenye pamba ya kijiti, kisha unasuuzwa. Chumvi ya bahari inataka maji kwanza. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea: hurukia alkoholi ya isopropili, nayo huyeyusha mabaki ya fluksi ya kulehemu na mafuta lakini chumvi haiyeyushi vizuri. Tumia maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kama maji ya betri. Soma lebo mara mbili, kwa sababu chupa ya asidi ya betri hukaa rafu hiyohiyo. Maji ya kunywa ya chupa yana madini, hayafai.

Sugua kwa mswaki laini, suuza mara mbili au tatu, kisha mwagia alkoholi ya isopropili ya 99% ili isukume maji nje kutoka chini ya chipu. Ya 70% ya duka la dawa ina maji mengi mno kwa hatua hii ya mwisho. Kausha kwa nyuzi 50 kwa saa 6 hadi 8, kwenye oveni ya maabara au boksi lenye balbu, feni na kipimajoto. Mashine ya kukaushia nywele huchoma sehemu moja na kuacha nyingine mbichi. Kuifukia kwenye mchele hakutoi chumvi hata chembe, na kunaacha vumbi la wanga.

Kisha vipimo vitatu, na bodi irudi kazini ikifaulu vyote.

Cha kwanza, weka rezista ya kilohomu 10 yenye usahihi wa 0.1% mahali pa thamista. Loga isome nyuzi 25.0, ikikosea kwa vipande vya mia tu. Weka nyingine ya kilohomu 30 na ulinganishe na jedwali la kihisi chako. Sasa tia bodi kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kitambaa kilicholowa kisichoigusa, subiri saa moja, soma tena. Hii ndiyo hatua isiyorukwa. Chumvi kavu haipitishi umeme. Bodi iliyopimwa kwenye hewa kavu ya Dodoma itafaulu, ikifika Tanga inaanza kudanganya. Namba ikihama kwa zaidi ya nyuzi 0.1 ndani ya mfuko, rudia kuosha. Ikihama tena baada ya kuosha mara ya pili, achana nayo.

Cha pili, pima umeme unaotumika loga ikiwa imelala. Weka multimita kati ya betri na bodi, na waya mfupi ukiruka mita mpaka loga imalize kuwaka na kulala. Ndipo uondoe waya. Bila hivyo, ukinzani wa mita kwenye kipimo cha maikroampea hushusha volti na loga inajizima na kujiwasha bila mwisho. Linganisha na karatasi ya mtengenezaji. Loga inayolala kwa maikroampea 50 ingeishi miaka kwenye betri za lithiamu za 3,000 mAh. Uvujaji ukifikisha miliampea 1, hesabu ni saa 3,000, siku 125, na betri zimekwisha.

Cha tatu, rudisha vihisi vyake halisi na uvijaribu kwa rejea unayoijua. Kwa joto, chupa ya chai iliyojaa barafu iliyosagwa na maji kidogo, ikikorogwa, inatoa nyuzi 0. Kwa unyevu, chumvi ya kawaida iliyoloweshwa hadi kuwa uji mzito, ndani ya mtungi uliofungwa, inatoa 75% kwenye nyuzi 25. Kihisi kining'inie juu bila kugusa, kwa saa kadhaa.

Ikifaulu, ipake vanishi ya kinga. Akriliki ndiyo chaguo letu kwa bodi itakayowahi kufunguliwa tena: inakauka haraka na inatoka kwa kiyeyushi. Tabaka mbili nyembamba, jumla ya maikromita 30 hadi 130. Ya silikoni inahimili joto na unyevu zaidi lakini humtesa fundi anayefuata, na kumiminia epoksi bodi nzima ni kuifanya isitengenezeke tena. Ziba kwa utepe temino, tundu la kadi, mguso wa betri na USB. Rangi ya kucha hupasuka, usiitumie. Silikoni ya bafuni inayonuka siki hutoa asidi inayokula shaba. Kama ni lazima kutumia silikoni karibu na bodi, iwe ile isiyo na harufu hiyo.

Njia ya pili: bodi mpya kwenye loga ileile

Inakuondolea shaka ya chumvi na kukuletea shaka ya mipangilio. Bodi mpya haijui chochote kuhusu kituo chako.

Linganisha kwanza namba ya toleo iliyochapwa kwenye bodi zote mbili. Toleo likitofautiana, huenda plagi ina idadi ileile ya miguu lakini mpangilio mwingine, na volti 12 zikiingia kwenye mguu wa kihisi cha volti 3.3 hakuna kipimo kitakachorudisha hali. Pima volti kwenye temino tupu kabla ya kuunganisha kihisi chochote.

Kisha namba za ndani. Kihisi cha mionzi ya jua kina kigawe chake (namba ya kugeuza volti kuwa mionzi) kilichoandikwa kwenye lebo kwa namba ya kifaa. Kigawe cha mwenzake hakifai. Kipimamvua cha ndoo inayopinduka huhesabu milimita 0.2 au 0.254 kwa kila mpinduko, na bodi iliyowekwa 0.254 ilhali ndoo ni ya 0.2 inaongeza mvua yote kwa 27%. Rekodi itaonekana ya kawaida kabisa mpaka mtu ailinganishe na jirani. Saa nayo: amua kama kituo kinaandika kwa UTC (saa ya kimataifa) au kwa saa za Afrika Mashariki. Tofauti ya saa 3 inahamisha mvua ya alfajiri kutoka siku moja ya hesabu kwenda nyingine, kwa kuwa siku ya mvua hapa kwetu hufungwa saa 3 asubuhi. Na kama bodi ya zamani ilikuwa na marekebisho ya kalibresheni kwenye kumbukumbu yake, hayahami yenyewe. Yanakiliwe au chaneli zikalibrishwe upya.

Wakati wa kuifunga, vaa mkanda wa mkononi wenye rezista ya megaomu 1 uliounganishwa na ardhi. Bodi ikae kwenye vinyanyuzi vyake vyote bila kulazimishwa. Ukikaza kona moja na kona ya pili ikabaki juu, bodi inapinda, na kapasita za kauri hupasuka ufa usioonekana. Bodi itafanya kazi leo na kuanza kunyonya betri baada ya miezi. Anza skrubu zote kwa vidole, kisha kaza kwa mshazari, kidogokidogo. Kiunganishi kidogo cha antena, kile cha kubofya, kimekadiriwa kuhimili mibofyo 30 hivi, kwa hiyo usikichezee. Na modemu isiwashwe bila antena.

Njia ya tatu: loga nzima mpya

Ichague pale mtengenezaji ameacha kutoa bodi au programu ya kupakulia haifungui kwenye kompyuta za sasa. Ichague pia pale bodi pekee inapozidi nusu ya bei ya loga mpya ya daraja hilo. Hiyo nusu ni kadirio letu la kazi, si sheria, lakini ukiongeza usafiri wa kwenda kituoni mara mbili utaona inasimama.

Gharama iliyofichika ni mwendelezo wa rekodi. Loga mpya ikija na vihisi vipya na kingajua kingine, joto lako litaruka kidogo siku ya kubadilisha, na mwakani mtu atadhani ni tabianchi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, huhimiza vifaa vya zamani na vipya vipime pamoja kwa angalau mwaka mmoja. Kituo chenye rekodi ndefu kinastahili hilo. Cha shamba kilichoanza juzi, wiki chache zenye mvua na zenye jua zitatosha kukuonyesha tofauti. Kama bodi ya zamani bado inafanya kazi kiasi, isafishe iwe shahidi wa kipindi hicho hata kama hutaiamini tena peke yake.

| | Bodi ileile | Bodi mpya | Loga mpya |
|---|---|---|---|
| Inafaa | maji ya karibuni, vihisi vya kidijitali | thamista na vihisi vya volti ndogo, madoa kati ya temino | bodi haipatikani, programu imezeeka, friji za chanjo |
| Muda wa fundi | siku 2 pamoja na kukausha | saa 2 hadi 4, ukiwa na mipangilio | nusu siku, halafu vipimo sambamba |
| Hatari kubwa | uvujaji unaojificha hewa ikiwa kavu | kigawe au saa isiyo sahihi | rekodi kuruka |
| Kalibresheni | thibitisha kila chaneli | nakili au fanya upya | cheti kipya, lakini pima tofauti |

Ukihitaji cheti kinachokubalika nje, mashirika ya viwango ya Kenya (KEBS) na Tanzania (TBS) yana maabara za ugezi, yaani za kuhakiki vipimo.

Boksi, kwa njia yoyote utakayochagua

Bodi haikuingia maji yenyewe. Boksi lililofungwa kabisa likipigwa na jua, hewa ya ndani hufika nyuzi 55 na sehemu yake hutoka. Mvua ya ghafla ikilipoza hadi nyuzi 25, shinikizo la ndani linashuka kwa karibu 9%. Huo ni mvuto unaoweza kupandisha maji karibu sentimita 90, na maji yaliyosimama juu ya glandi (kibano cha mpira ambamo waya huingia boksini) hupenya hata penye ufa wa unywele. Ndiyo maana kuongeza silikoni nje hakutibu. Weka kizibo cha kupumulia chenye utando unaopitisha hewa na kuzuia maji, upande wa chini wa boksi, ili shinikizo lisawazike bila kupitia glandi.

Glandi zote ziangalie chini. Ya saizi PG7 inashika waya wa milimita 3 hadi 6.5, PG9 wa 4 hadi 8. Waya mbili nyembamba ndani ya glandi moja huacha pengo katikati ambalo hakuna kukaza kunakoliziba. Tumia mpira wenye matundu mawili, au glandi ya pili. Tundu lisilotumika lizibwe kwa plagi yake, la sivyo sisimizi watahamia, na uchafu na udongo wanaoleta huharibu bodi kama maji tu. Kila waya ushuke chini ya glandi kabla ya kupanda, ili tone lidondokee hapo. Gasketi iliyobonyea na isiyorudi inabadilishwa siku hiyohiyo. Weka pakiti mpya za silika jeli, zile za kubadilika rangi, mahali unapoziona kifuniko kikifunguliwa.

Tungechagua nini

Kituo cha mvua na udongo, vihisi vya SDI-12, maji ya mvua tu na si ya bahari: safisha, paka vanishi, rudisha. Kituo cha joto cha thamista pwani, Kilifi au Pemba, chenye chumvi kwenye temino: bodi mpya bila kusita, ile ya zamani ibaki ya vipuri. Loga ya ghala la mbegu inayopima unyevu pekee: jaribu bodi ileile, lakini nunua kihisi kipya cha unyevu, kwa kuwa kile kilichomwagikiwa alkoholi au kuvuta mvuke wa silikoni husoma vibaya, na kukihuisha kwa kukioka kwa nyuzi 100 kwa saa 10 hivi na kukirudisha kwenye unyevu wa 75% kwa saa 12 ni kazi inayohitaji vifaa ghali kuliko kihisi chenyewe.

Baada ya kurudisha, fungua tena boksi baada ya mvua kubwa ya kwanza, si baada ya mwezi. Angalia rangi ya silika jeli, pima volti ya betri na kuilinganisha na siku ya kufunga, na chora joto la saa 11 alfajiri dhidi ya kituo cha jirani. Tofauti ikikua kila usiku wa unyevu na kupungua mchana, bodi bado ina chumvi.